Nyumba Mbili Zilizopeana Mgongo

Kitendawili. Nyumba mbili zimepeana mgongo, na wenyewe hawajagombana. Ni nini?

Usinipe mji sasa. Kaa kwanza, nikuambie habari ya kilima chetu. Ukifika mwisho utajibu mwenyewe.

Kati ya Birongo na Keroka kuna kilima kinaitwa Nyaroigo. Si kirefu. Mtu akianza kupanda na muwa mkononi, atafika juu kabla hajaumaliza. Huko juu kuna jiwe pana, limelala kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Jiwe lina mashimo madogo, laini kama bakuli. Nyanya zetu walisagia wimbi hapo, zamani, wakati watu walipokimbilia juu kujificha na njaa na vita. Ukitia kidole ndani ya shimo, unashika kazi ya mikono yao.

Chini ya kilima, upande wa macheo, kuna chemchemi. Iko mwisho wa shamba la Bathsheba.

Bathsheba ni mjane. Boma lake na langu yametenganishwa na mstari wa migomba tu. Anaishi na mwanawe Onchiri, na mke wa Onchiri, Nyanchoka, na mtoto wao Ashley, ambaye yuko darasa la pili. Asubuhi Onchiri anatangulia kuchuma chai kabla jua halijakuwa kali. Nyanchoka anateka maji kwenye chemchemi. Bathsheba anapuliza moto na kuchemsha chai ya maziwa. Ashley anatafuta kiatu. Kila siku kiatu kimoja kinapotea, na kila siku kinapatikana chini ya kuku.

Miaka michache iliyopita kilima chetu kilitangazwa kuwa mahali pa turathi. Maana yake, kinalindwa. Hakuna mtu kupasua jiwe. Hakuna mtu kukata mti. Tulifurahi. Wageni wakaanza kuja. Wanafunzi walikuja na mabasi ya manjano. Waimbaji wa kanisa walikuja kurekodi nyimbo juu ya jiwe. Siku ya Sabato, watu wakitoka kanisani, walipanda kutembea, wakwe na wajukuu, wote na nguo zao nzuri.

Ofisi ya turathi ikajenga choo huko juu, karibu na jiwe. Choo kizuri cha mabati mapya. Mzee Manasseh, mwenyekiti wa kamati ya kilima, alikata utepe. Huyu Manasseh ni kaka wa marehemu mume wa Bathsheba. Kwa hiyo kwa Nyanchoka yeye ni baba mkwe.

Basi, msimu wa mvua ndefu ulipofika, Ashley aliugua. Tumbo lilimkata. Akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Nyanchoka alimbeba hadi zahanati.

Muuguzi alimpa maji ya chumvi na sukari, na dawa. Kisha akauliza, "Mnakunywa maji gani?"

"Ya chemchemi yetu," Nyanchoka alisema. "Hata babu zetu walikunywa hayo."

"Mnayachemsha?"

"Yanatoka kwa mwamba, dada. Ni baridi na ni safi."

"Safi ya macho si safi ya tumbo," muuguzi alisema. "Chemsha kuanzia leo. Yachemke mpaka yatoe mapovu makubwa. Halafu panda uangalie juu ya chemchemi kuna nini."

Nyanchoka alirudi, akamlaza mtoto, akapanda. Aliporudi alisimama mlangoni pa jikoni, na hakuingia.

"Mama," alimwambia Bathsheba, "huko vichakani, juu ya maji, si kuzuri."

"Si kuzuri namna gani?"

"Si kuzuri tu, mama."

Bathsheba alimtazama, akaelewa. Vichaka vile vilikuwa vimegeuzwa choo. Mvua ikinyesha, uchafu wote uliteremka kwenye chemchemi.

"Chemsha maji," alisema polepole. "Hata ya kusukutua."

Lakini moyo wake haukutulia. Maji yale ndiyo aliyoyakuta alipoolewa. Maji yale yalimlea Onchiri. Sasa aliyatazama ndani ya mtungi kama mtu anayemtazama rafiki aliyeanza kusema uongo. Na kulikuwa na maboma mengi yaliyoteka hapo. Je, wote wangechemsha?

Siku chache baadaye Onchiri alisikia watu wakipiga nyundo kilimani. Akapanda. Alimkuta Mzee Manasseh na fundi wakipigilia vigingi kando ya kile choo cha mabati.

"Bwakire buya, tata," Onchiri alimsalimu, maana kwetu ndugu wa baba naye ni tata, yaani baba. "Mnajenga nini?"

"Vyoo. Vitatu vingine," Manasseh alisema. "Si umeona vichaka? Wageni ni wengi, choo ni kimoja. Hesabu hiyo hata Ashley anaweza."

"Lakini tata, hapa ni juu ya maji yetu kabisa."

"Ndiyo maana tunajenga. Wakipata vyoo vya kutosha, watatoka vichakani. Alhamisi afisa wa ofisi ya turathi anakuja kuona vigingi. Akikubali, tunachimba."

Onchiri aliteremka na kichwa kizito. Alimweleza mama yake. Bathsheba alikuwa akichambua chinsaga, zile mboga chungu tunazozipenda. Mikono yake ikasimama.

"Watachimba mashimo manne juu ya mtungi wangu," alisema.

"Tata amesema wataokoa maji."

"Mtu akiwa na jipu mguuni, humfungi kitambaa kichwani," Bathsheba alisema. Akaendelea kuchambua.

Alhamisi ikafika. Afisa alikuwa msichana mrefu aliyevaa viatu vya mvua. Jina lake Lorna. Wazazi wake ni watu wa Keumbu, lakini yeye alikulia Nakuru, na Kigusii chake kilikuwa cha kubahatisha. Mvua ikamkuta njiani, akakimbilia kwa Bathsheba.

"Hodi," alisema. "Magokoro, naomba kujikinga mvua kidogo."

Magokoro ni nyanya, au bibi. Bathsheba akatabasamu. Angeitwa mama, mambo yangekuwa mengine, kama utakavyoona.

"Ingia, mjukuu. Keti karibu na moto. Viatu vyako vinalia."

Alimpa chai na ndizi za kuchemsha. Lorna akala. Akasema anapanda kuona mahali pa vyoo vipya.

"Wewe ndiye uliyechagua pale pa kwanza?" Bathsheba aliuliza.

"Tulichagua pamoja na wananchi, magokoro. Niliitisha mkutano shuleni. Niliuliza, choo kiwe wapi? Kiwe na milango mingapi? Nani ana maoni? Hakuna aliyepinga."

"Walisema nini?"

"Hawakusema kitu. Walitazama miguu yao. Nikajua wamekubali."

Bathsheba alicheka mpaka akashika mbavu. Alijipangusa macho kwa leso.

"Mjukuu wangu, kitendawili."

"Tega," Lorna alisema.

"Mgeni anayo, haisemi. Mwenyeji anaijua, haulizi. Wakinyamaza wote, kilima kinalia."

Lorna alifikiri. "Njaa?"

"Njaa tunaulizana, na ndizi unazo mkononi."

"Kiu? Usingizi?"

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa Keumbu."

"Keumbu dada yangu ameolewa huko. Nikienda nitakaa kama nyumbani, sitatawala. Nipe mkubwa."

"Basi nakupa Keroka, na malori yake yote."

"Nimekwenda Keroka," Bathsheba alisema. "Nimeketi kwenye duka la ghorofa, nimeagiza soda, malori yananipisha. Nimerudi. Jibu ni haja. Haja ya mwili."

Lorna akaanza kucheka, halafu akaacha. "Magokoro, unaniambia kitu."

"Nakuambia kwa sababu wewe ni mjukuu. Bibi na mjukuu hawaoneani haya, wanaweza kusema lolote. Lakini mimi na Onchiri hatuwezi kulisema hilo. Nyanchoka na baba mkwe wake ndiyo kabisa. Tunaita chinsoni. Ni heshima, na ni haya. Baba mkwe haingii chumba cha kulala cha mke wa mwanawe. Mama hapiti mahali mwanawe anapooga. Na choo kile cha juu kina mlango mmoja wa kuingilia, unatazama jiwe, na jiwe limejaa watu. Nyanchoka akitoka, amgonge Manasseh anaingia? Afadhali tumbo limkate."

"Ndiyo maana wanakwenda vichakani," Lorna alisema polepole.

"Vichaka havina mlango. Kila mtu anapinda upande wake."

"Na kwenye mkutano je?"

"Uliwaweka wakwe wote kwenye darasa moja, mjukuu, ukauliza choo kiwe na milango mingapi. Ulitaka nani ajibu? Huko kutazama miguu hakukuwa ndiyo. Watu walikuwa wanaomba ardhi iwameze."

Lorna alifunika uso kwa mikono. Kisha akacheka tena, lakini kwa sauti ndogo. "Nimesoma kupanga vituo vya wageni. Najua maji, njia, maegesho. Hili sikulijua. Twende unionyeshe."

Mvua ilipokatika walipanda, na Onchiri akafuata na jembe. Mzee Manasseh alikuwa akingoja penye vigingi.

Lorna alikwenda kwanza kwenye choo cha mabati. Akafungua. Buibui alikuwa amefuma utando kutoka ukuta hadi ukuta. Sabuni ilikuwa bado ndani ya karatasi yake.

"Mzee," alimwambia Manasseh, "choo hiki kimoja hakijajaa. Hata hakijaanza. Tukiongeza vitatu, tutakuwa tumewajengea buibui."

Manasseh akakohoa. "Labda watu hawajakizoea."

"Wewe mwenyewe umewahi kukitumia?"

Onchiri akageuka haraka kutazama miti. Manasseh akatazama miguu yake. Bathsheba alimkonyeza Lorna, na Lorna akajua amejibiwa.

Akabadili maneno. "Onchiri, piga jembe hapa penye kigingi."

Onchiri akapiga. Jembe lilizama kidogo tu, kisha likalia ngaa.

"Umesikia?" Lorna alisema. "Udongo ni kiganja kimoja. Chini ni mwamba, na mwamba una nyufa. Udongo mwingi huchuja uchafu, lakini mwamba hauchuji. Shimo la choo likiwa hapa, uchafu utapita kwenye nyufa na kuteremka. Utatokea wapi?"

Wote walitazama chini. Paa la Bathsheba lilionekana, na migomba, na pale ambapo majani ni mabichi kuliko mengine. Chemchemi.

Manasseh alivua kofia. "Mimi pia nateka hapo," alisema.

"Basi tung'oe vigingi," Lorna alisema. "Halafu tuanze upya. Choo kisikae juu ya maji. Kikae chini, na mbali, upande ambao maji ya mvua hayaelekei chemchemi. Tena kisikae karibu na jiwe. Wageni wanakuja kuona kazi ya nyanya zenu. Wakifika na kukuta bati linang'aa, wameona bati."

"Na tutawauliza watu tena kwenye mkutano?" Manasseh aliuliza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeahidiwa kung'olewa jino.

"Tutawauliza, mzee. Lakini si kwenye darasa moja."

Hapo ndipo kazi ilipoanza vizuri. Lorna aliwaketisha watu kwa makundi. Wazee wa kiume walikaa kwa Manasseh. Akina mama wakwe walikaa jikoni kwa Bathsheba. Wake wa vijana walikutana kwa Nyanchoka, na vijana wa kiume uwanjani penye mpira. Kila kundi alilichorea kilima ardhini kwa majivu. Hapa jiwe, hapa chemchemi, hapa barabara. Akawapa maharagwe na mahindi. "Weka haragwe mahali unapotaka choo. Weka punje ya mahindi mahali usipotaka. Huna haja ya kusema."

Jikoni kwa Bathsheba wale akina mama walisema, tena walisema sana. Lorna alitoka huko masikio yakiwa moto. Kwa Manasseh, wazee walikaa kimya, wakasogeza maharagwe kwa fimbo zao kama watu wanaocheza bao. Hata hivyo maharagwe yao yalikwenda palepale ambapo ya akina mama yalikwenda. Kwa Nyanchoka palepale. Kwa vijana palepale.

"Wamekubaliana bila kukutana," Lorna alimwambia Bathsheba.

Mahali penyewe ni kituo cha zamani cha kununulia chai, kando ya barabara, upande wa machweo. Kiko chini ya kilima, na maji ya mvua ya upande huo huenda mbali na chemchemi. Udongo ni mwingi. Lori la kunyonya uchafu linaweza kufika shimo likijaa. Mabasi yanaweza kuegeshwa hapo badala ya kukanyaga nyasi za juu.

Manasseh alikuwa na neno moja bado. "Mgeni akishikwa akiwa juu, je? Ashuke tena?"

"Mzee, kilima chenu ni cha muwa mmoja," Lorna alisema. "Ataanza chini kabla hajapanda. Tutaweka kibao kikubwa langoni: Choo ni hapa, juu hakuna. Na mwenye kuongoza wanafunzi atawasimamisha hapo kwanza."

"Na nani atakitunza?"

"Hilo kamati ijibu. Choo kisicho na mwenyewe hurudi kuwa kichaka."

Kamati ikajibu. Wanaotunza lango na njia watatunza na vyoo, na kazi hiyo wakapewa vijana wa hapahapa.

Ujenzi ulichukua kiangazi chote. Jengo halikuwa la bati la kung'aa. Lilikuwa fupi, ukuta wa mawe ya hapa, paa la rangi ya udongo. Ukisimama kwenye jiwe la wimbi hulioni hata ukinyoosha shingo. Kilichojengwa ni nyumba mbili, ya kiume na ya kike. Mlango wa hii unatazama barabara. Mlango wa ile unatazama migomba. Kila moja ina njia yake, na ua mrefu wa miti umepandwa katikati. Ndani vyumba vimetengana mpaka juu, na mama mkwe ana chumba chake penye kona, ili asikutane na mke wa mwanawe hata kwa bahati mbaya. Nje ya kila nyumba kuna tangi la maji na sabuni.

Choo cha juu kilibomolewa. Shimo lilikuwa karibu tupu, shukrani kwa buibui, likafukiwa kwa udongo. Onchiri na vijana walisafisha vichaka, wakapanda nyasi, wakachimba mfereji wa kuzuia maji ya mvua juu ya chemchemi. Wakaizungushia ua na kuweka bomba, ili mtu ateke bila kukanyaga. Njia ya kupandia ikawa moja tu, ya mawe, na nyasi zilizokanyagwa zikaanza kuinuka.

Lakini Bathsheba hakutulia bado. Afisa wa afya alikuwa amechukua maji kwenye chupa baada ya mvua fupi kunyesha, na majibu yalikuwa hayajaja. Kila akipita penye chemchemi alisimama. Aliinamisha kichwa, akaenda zake.

Siku ya majibu ilikuwa Jumapili. Basi la shule lilikuwa limefika, na kwaya ya Wakatoliki kutoka Keroka pia. Kulikuwa na watu kila mahali. Bathsheba na Lorna walikuwa wameketi kwenye benchi langoni, wakila ndizi. Mzee Manasseh alitoka upande wa barabara akitembea upesi. Alikuwa amekula mahindi mabichi, na mahindi yalikuwa yameanza mazungumzo. Akapita bila kuwasalimu, akaingia mlango wake.

Wakati huohuo Nyanchoka alitokea upande wa migomba akikausha mikono, Ashley nyuma yake akiruka kwa mguu mmoja, maana kiatu kingine kilikuwa kimepotea. Wakapita zao kwenda kuwauzia wageni chai.

Baada ya muda Manasseh akatoka. Alinawa mikono polepole. Uso wake ulikuwa laini kama wa mtu aliyesamehewa. Akaja kwenye benchi.

"Shemeji, sasa naweza kukusalimu," alimwambia Bathsheba. "Hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Naona kilima hakilii tena."

Manasseh akaguna, lakini aliguna akicheka. Akamtazama Lorna. "Mke wa Onchiri yuko wapi? Nataka chai."

"Amepita sasa hivi," Lorna alisema. "Hukumwona?"

"Sikumwona."

"Naye hakukuona."

"Vizuri," Manasseh alisema, akavuta pumzi ndefu. "Vizuri sana."

Ndipo afisa wa afya alipofika na pikipiki. Hakuvua hata kofia ya chuma. "Mama Bathsheba," alisema, "maji yenu yamepimwa. Ni safi. Tutapima tena mvua zijazo, na mtoto mpeni yaliyochemshwa bado, lakini ni safi."

Bathsheba aliinuka, akazunguka kilima kwa njia ya chini, peke yake. Lorna alimfuata kwa mbali. Alimwona akifika kwenye bomba, akikinga kikombe, akinywa. Akanywa chote. Kisha akakigeuza kikombe, akatikisa tone la mwisho chini, kama mtu anayemaliza kuagana na ugonjwa.

"Ni yaleyale?" Lorna aliuliza.

"Ni yaleyale," Bathsheba alisema. Macho yake yalikuwa na maji pia. "Mjukuu, chukua Keroka yako. Nakurudishia, na malori yake yote. Mimi mji wangu ni huu."

Nyanchoka bado anachemsha maji ya Ashley. Desturi nzuri haiachwi kwa sababu hatari imepita. Na Lorna, nimesikia, akienda kwenye kilima kingine, haanzi na mkutano. Anaanza na chai kwa bibi wa hapo.

Sasa nijibu. Nyumba mbili zimepeana mgongo, na wenyewe hawajagombana.

Umejua? Basi sikudai mji.